Mchumba Asiyebisha Hodi

Kazini walimwita Pindo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilobatiziwa. Alikuwa mpiga pasi katika dobi moja kubwa iliyofua mashuka ya hoteli mbili na ya hospitali, na kwa miaka kumi macho yake yalikuwa yamezoea mikono ya watu kama karani wa posta anavyozoea miandiko yao. Umletee taulo lililokunjwa, atakwambia nani kalikunja. "Hili la yule mwenye haraka," angesema. "Hili la yule wa mkono wa kushoto." Mzee wa boila, aliyekuwa akizilisha mashine zote mvuke na ambaye mdomo wake haukujua mapumziko, alipenda kusema kwamba hata shetani akijificha ndani ya foronya, Pindo atamjua kwa kona zake.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alipanga chumba cha nyuma katika ua wa mama mmoja mjane, chumba chenye dirisha moja la nondo lililotazama kamba za kuanikia nguo. Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa. Maisha yake yalikuwa madogo na yamenyooka, na yeye aliyapenda hivyo.

Kisha akachumbiwa na fundi wa vitasa.

Kila mtu kanisani alimjua Fundi. Kiduka chake kilikuwa kando ya barabara, kimejaa funguo zilizoning'inia kama samaki wadogo, na hakukuwa na kufuli ambalo lingemshinda. Milango yote ya kanisa aliitengeneza yeye, bila malipo. Jumapili ndiye aliyesimama mlangoni, shati limenyooka, akiwapa watu mkono na kuwaonyesha mahali pa kukaa. Hakunywa, hakuvuta, hakupaza sauti. Siku alipomposa Pindo alimwambia jambo ambalo hakuna mwanaume aliyewahi kumwambia.

"Mimi sitakugusa mpaka siku ya harusi. Hata mkono sitakushika tukiwa wawili. Nataka nikuheshimu."

Pindo alirudi nyumbani akalia kwa furaha. Kabla ya huyo aliwahi kuwa na mwanaume ambaye hakujua kusubiri, na jeraha lile lilichukua muda kupona. Akaona Mungu amemfidia. Alipompigia mama yake simu, mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Mwanangu, shikilia hapo hapo. Wanaume wa hivyo wameisha."

Na kweli Fundi alitimiza neno lake. Hakumgusa. Akikaa naye kwenye benchi aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Ila kulikuwa na mambo mengine, madogo madogo, ambayo Pindo aliyapokea moja moja kama mtu anayepokea mizigo mlangoni bila kujua nyumba inajaa. Kwanza alimwomba aache mazoezi ya kwaya ya Alhamisi, kwa sababu wanaume nao walikuwepo. Kisha akaomba namba ya siri ya simu yake. "Watu wanaokwenda kuwa mwili mmoja wanafichana nini?" Kisha akawa anamsubiri kila jioni nje ya geti la dobi, saa mkononi.

"Leo umechelewa dakika kumi na mbili."

"Tulikuwa na mashuka ya hospitali, Fundi. Yalikuwa mengi."

"Mimi sijakasirika. Nimesema tu umechelewa."

Hakukasirika kamwe. Hilo ndilo lililomchanganya Pindo. Mtu akikukaripia unajua umegombezwa, lakini huyu aliongea taratibu, akitabasamu, na wewe ndiwe uliyebaki na moyo unaodunda na usijue kwa nini.

Miezi mitatu kabla ya harusi alimletea zawadi: kitasa kipya cha mlango wa chumba chake.

"Hiki chako hata mtoto wa shule angekifungua kwa kijiko," alisema, na kwa nusu saa akakiweka kipya, akapangusa vumbi, akampa funguo mbili. "Mmoja wa kutumia, mmoja wa akiba. Sasa nitalala usingizi."

Wiki mbili baadaye Pindo alirudi kutoka kazini, akafungua mlango, akasimama. Hakuna kilichovunjwa wala kuibwa. Kitanda kilikuwa mahali pake, kabati mahali pake, kiti mahali pake. Lakini taulo lililokuwa juu ya rafu halikuwa limekunjwa na yeye. Yeye alikunja taulo mara tatu kwa urefu, kisha mara mbili, pindo likaelekea ndani. Hili lilikuwa limekunjwa katikati, na tena katikati, pindo likiwa nje.

Alilitazama kwa muda mrefu.

Akajiambia amechoka. Mtu anaweza kusahau. Lakini siku nne baadaye ilikuwa sweta. Kisha magauni mawili ndani ya kabati, yamebadilishana nafasi. Kisha daftari lake la maombi, alilokuwa akiandika mambo yake na Mungu na kuliweka chini ya godoro upande wa miguuni, likawa upande wa kichwani. Alianza kwa kumshuku mama mwenye nyumba, akaona aibu. Akadhani ni panya, ila panya hakunji nguo. Mwishowe akaanza kufikiria mambo ambayo Mkristo hapendi kuyafikiria, akawa anafunga na kuomba, anakiegemeza kiti mlangoni kabla ya kulala, na bado kila jioni alisimama mlangoni kwanza, ufunguo mkononi, akisikiliza. Akakonda. Akaunguza shuka, la kwanza kwa miaka kumi. Mzee wa boila alipoliona lile doa la kahawia hakufanya mzaha hata kidogo. Alimtazama tu, akasema, "Binti, kuna kitu kinakutafuna."

Mtu pekee aliyemweleza alikuwa mchumba wake. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kama daktari.

"Ni uchovu," alisema. "Kichwa kikichoka kinaona vitu. Ndiyo maana nataka ukishaolewa uache kazi ile." Akaongeza kwa upole, "Na pia una hofu na mama yangu. Unaogopa atakuona huna elimu. Usiogope. Nitazungumza naye."

Pindo aliitikia kwa kichwa. Walikuwa wametembea hatua ishirini, pengine thelathini, ndipo maneno yale yalipomwingia. Hofu ya mama mkwe hakuwahi kumwambia mtu. Hata mama yake mzazi hakumwambia. Alikuwa ameiandika mara moja tu, kwa kalamu, kwenye daftari la maombi.

Alimtazama yule mwanaume aliyekuwa akitembea pembeni yake, akimwachia nafasi ya mtu mmoja katikati, akajikuta anahesabu hatua zilizobaki kufika nyumbani. Akajilaumu papo hapo. Unamwazia mtumishi wa Mungu mabaya? Labda aliropoka mwenyewe akasahau. Mtu akishaanza kutoiamini akili yake mwenyewe, ushahidi wote unageuka kuwa lawama.

Jumamosi ile walikuwa na darasa la wachumba kanisani, na somo lilikuwa kiasi, yaani kujizuia. Mchungaji alifundisha vizuri. Alisema mwili si adui, ila unahitaji mwenye nyumba. Kwamba upendo usioweza kusubiri ni njaa tu. Kisha akamsimamisha Fundi mbele ya wachumba wengine wanne. "Huyu hapa," alisema, "muulizeni. Mwaka mzima hajamshika mchumba wake hata mkono." Watu wakapiga makofi. Pindo naye akapiga. Pembeni alikaa mama mmoja mkunga mstaafu aliyekuwa akimsaidia Mchungaji kufundisha wanawake. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Pindo.

Jumatano iliyofuata boila iliharibika. Saa tano asubuhi mvuke ulikatika, mashine zote zikakaa kimya, na Mzee wa boila akatoka amepakaa masizi akatangaza kwamba mgonjwa wake amezimia na hataamka leo. Wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Pindo alifika kwake kabla ya saa sita. Jua lilikuwa kali, ua mtupu, nguo zimetulia kwenye kamba. Aliweka ufunguo, akausokota, na ufunguo haukuwa na kazi. Mlango haukuwa umefungwa.

Aliusukuma.

Fundi alikuwa ameketi kitandani kwake. Viatu vyake vilikuwa kando ya mlango, kwa ndani, vimepangwa pacha. Magotini kulikuwa na blauzi ya Pindo, anaikunja, katikati, na tena katikati. Daftari la maombi lilikuwa wazi pembeni yake.

Kilichomwogopesha Pindo kuliko yote, alivyosimulia baadaye, ni kwamba mtu yule hakushtuka.

"Mbona umerudi mapema?" Fundi aliuliza, kama mume anayemuuliza mke.

"Boila... boila imeharibika. Fundi, umeingiaje?"

"Ingia kwanza. Usisimame mlangoni, watu wataona."

Akaingia. Mpaka leo hajui kwa nini aliingia; miguu yake ilizoea kumtii yule mtu. Fundi akaweka blauzi chini kwa uangalifu, akanyanyuka, akapita pembeni yake bila kumgusa, akafunga mlango. Ukasikika ule mlio mwepesi wa kitasa alichokiweka mwenyewe. Akachukua daftari na kiti, akakiweka kiti mbele ya mlango, akaketi akiwa ameupa mlango mgongo.

"Sasa tuzungumze."

"Naomba unipishe."

"Uende wapi? Hapa ni kwako."

"Kwa nini una ufunguo wangu?"

"Nilikuwekea kitasa. Mtu hawezi kukupa ulinzi halafu asiwe na uwezo wa kukufikia ukipatwa na jambo. Ukianguka humu ndani ukiwa peke yako?" Alikuwa anatabasamu. "Nikuulize. Nimewahi kukugusa?"

"Hapana."

"Nimewahi kukutukana?"

"Hapana."

"Nimewahi kukunyanyulia mkono?"

"Hapana, Fundi."

"Basi unatetemeka nini?"

Pindo aliitazama saa ya ukutani: saa sita na dakika nane. Fundi alianza kumsomea kutoka kwenye daftari, sala yake mwenyewe, kwa sauti ya taratibu, akisimama kwenye kila sentensi na kumweleza mahali alipokosea mbele za Mungu. Hapa una manung'uniko. Hapa humwamini mumeo mtarajiwa. Pindo alisimama katikati ya chumba, mikono imekumbatia mfuko wa kazini, akiogopa kukaa, akiogopa kusogea, akiogopa hata kulia kwa sauti. Dirisha lilikuwa na nondo. Kati yake na ua palikuwa na mwanaume mmoja kwenye kiti. Saa sita na ishirini. Saa sita na nusu. Alianza kuomba kimoyomoyo na akakuta maneno hayaji, kwa sababu maneno yake yote ya kuombea yalikuwa mikononi mwa yule mtu.

Ndipo sauti ya mama mwenye nyumba ikapasua ua.

"Pindooo! Uko ndani? Njoo unisaidie na hii kamba, imekatika, mashuka yote yako chini!"

"Nakuja, mama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, karibu ukelele.

Fundi alimtazama, akafikiri. Kisha akasimama, akarudisha kiti mahali pake, akavaa viatu na kufunga kamba zake moja baada ya nyingine bila haraka, akafungua mlango, akatoka wa kwanza.

"Shikamoo, mama. Nilikuwa nakirekebisha hiki kitasa, kilikuwa kinakwama."

"Marahaba, baba. Mungu akubariki kwa kututunzia binti yetu."

Pindo alisikia uongo ule ulivyoteleza, laini kama mafuta kwenye bawaba, na woga wake ukawa maradufu. Aliona hivi ndivyo itakavyokuwa. Nani atamwamini?

Aliokota mashuka ya mama mwenye nyumba kwenye vumbi bila kuyaona. Fundi alipopotelea kwenye kona ya barabara, hakurudi chumbani hata kuchukua kanga. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkunga, karibu anakimbia, akigeuka nyuma kila hatua kumi.

Mkunga alikuwa sebuleni kwake anashona kifungo cha koti. Alipomwona Pindo mlangoni aliweka sindano chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Usiseme kwanza. Kunywa maji."

Pindo alikunywa, akarudisha glasi. Kisha akasema yote, hovyo hovyo, taulo, daftari, kiti mlangoni, na alipomaliza akaongeza haraka, kwa aibu, "Lakini hajanigusa, mama. Kweli tena. Labda mimi ndiye nakuza mambo."

"Nikuulize swali moja," Mkunga alisema. "Unamwogopa?"

Pindo alifungua mdomo ili aseme hapana. Kilio ndicho kilichotoka.

Mkunga alimwacha alie mpaka amalize. Hakumpigapiga mgongo wala kumwambia anyamaze.

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini na minne," alisema. "Nimewaona waliopigwa, na nimewaona ambao hawakupigwa hata siku moja lakini mume akiingia wodini mapigo ya moyo yanapanda, tena naona kwenye kipimo. Sikiliza, binti yangu. Kiasi ni mtu kujitawala mwenyewe. Huyu hajitawali. Anakutawala wewe, halafu anajiita mwenye kiasi kwa sababu mikono yake iko mfukoni."

"Watu watasema nimekataa mtu wa Mungu."

"Mwokozi mwenyewe, mwenye funguo zote, husimama nje akabisha hodi. Usipomfungulia havunji. Sasa huyu mwenye kiduka cha kando ya barabara ni nani wa kuingia bila hodi?"

Usiku ule, na wiki tatu zilizofuata, Pindo alilala kwa Mkunga.

Kesho yake walikwenda kwa Mchungaji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuchapisha kadi za harusi moyoni mwake. Alikuna kidevu. "Ameingia bila ruhusa, hilo ni kosa, nitamwonya. Lakini kuvunja uchumba? Tangazo la tatu ni Jumapili hii. Hakumgusa, mama, tuwe wakweli. Na yeye mwenyewe alikuja jana jioni, ameniambia binti ana hofu ya harusi. Ni kawaida kwa mabibi harusi."

Pindo alielewa Fundi amefanya nini. Alikuwa ametangulia. Bila shaka alikuwa ametangulia.

"Mchungaji," Mkunga alisema, "akiingia chumbani kwako mchana, akavua viatu, akakunja nguo za mkeo, utasema hakumgusa?"

Mchungaji akasema tangazo lisisomwe, mpaka azungumze na pande zote. Wakaagana. Kutoka pale Mkunga alimpeleka Pindo kituo cha polisi, ambako askari mmoja mwanamke aliandika maelezo yote kwenye kitabu kikubwa bila kuinua macho, kisha mwishoni akainua, akasema, "Usirudi chumbani peke yako."

Jioni mama yake alipiga simu. Fundi alikuwa amemfikia naye. "Mwanangu, unataka kuniaibisha? Mwanaume hanywi, hapigi, anakungoja!" Pindo alisema, "Mama, namwogopa," na mama akakata simu.

Jumapili Pindo hakutaka kwenda kanisani. Mkunga alimwambia halazimishwi. Alikwenda kwa sababu kubaki nyumbani peke yake kulimtisha zaidi. Fundi alikuwa mlangoni, mahali pake, shati limenyooka. Aliwapa watu mkono. Kwa Pindo aliinamisha kichwa tu, akasema kwa sauti ya chini ambayo Mkunga hakuisikia, "Nimekusamehe."

Pindo alikaa safu ya nne. Alihisi macho kisogoni ibada yote. Nyimbo zilikuja zikapita. Ndipo katibu wa kanisa, mzee mwenye miwani mizito, akasimama na karatasi ya matangazo aliyoichapa tangu Alhamisi asubuhi. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwambia tangazo lile lisisomwe.

"Tangazo la ndoa," alisoma, "mara ya tatu na ya mwisho." Akasoma majina mawili kamili, la fundi wa vitasa na la binti wa kwaya. Mchungaji aligeuka kitini ghafla, akanyanyua mkono, lakini katibu alikuwa na macho kwenye karatasi. "Mwenye kujua pingamizi lolote aseme, au anyamaze siku zote."

Palikuwa na ukimya ule wa kawaida ambao haumaanishi kitu, ambao watu huutumia kukohoa na kupanga watoto vizuri. Pindo alijua akiuacha upite, utakuwa umepita. Mwili wake wote ulikataa. Alishika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono miwili na akajivuta juu kama mtu anayetoka kisimani.

"Mimi," alisema.

Hakusikika. Mtu wa pembeni tu ndiye aliyegeuka.

"Mimi nina pingamizi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni mzaha wa bibi harusi. Kisha kicheko kikafa. Katibu alivua miwani.

"Binti, tunasoma tangazo lako mwenyewe."

"Najua, mzee. Ndilo ninalolipinga." Sauti ilitetemeka vibaya, na akaiacha itetemeke. "Anaingia chumbani kwangu na ufunguo ambao sikumpa. Namwogopa. Siwezi kuolewa na mtu ninayemwogopa."

Akabaki amesimama kwa sababu hakujua jinsi ya kukaa. Hakuthubutu kugeuka, lakini aliona vichwa vya watu vikigeuka, safu kwa safu, kutazama mlangoni. Na mlango ulikuwa mmoja. Wazo hilo ndilo lililomjaa akilini, si Mungu wala aibu: nitatokaje?

Ndipo akasikia benchi likilia. Mkunga alikuwa amesimama pembeni yake. Kisha mama mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu wa kwaya wala wa kamati yoyote, alisimama upande wa pili akasema kwa sauti yake ya uani, "Siku ile alisema anarekebisha kitasa. Kilikuwa hakikwami!" Mchungaji akashuka madhabahuni, akatembea katikati ya safu mpaka mlangoni, akamwambia Fundi jambo ambalo watu hawakulisikia. Fundi akatabasamu, akampa Mchungaji mkono kama alivyompa kila mtu, akatoka.

Jumatatu Mchungaji na wazee wawili walikwenda kwenye kiduka kile kudai ufunguo. Fundi aliutoa mara moja, kwa heshima. Walipokuwa wanageuka kuondoka, akasema, "Ngojeni," akatoa mwingine kwenye droo. "Huu wa akiba." Mchungaji alimwambia Mkunga baadaye kwamba ule wa pili ndio uliomtia baridi. "Alinipa kama anayerudisha chenji."

Nisingependa kusema kwamba mambo yakaishia hapo, maana hayakuishia. Pindo alihama chumba. Wapo kanisani waliomnunia kwa kumwaibisha mtu hadharani, na sauti ya pili ya kwaya ilimwachia nafasi pana benchini. Kwa miezi minane, siku mbili tatu kila wiki, Fundi alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya dobi, saa ya kutoka kazi. Havuki, haongei. Polisi walimwonya, akasogea mita hamsini. Mzee wa boila akawa anamsindikiza Pindo mpaka kituo cha basi, mkononi ameshika spana kubwa, akidai anakwenda kumtengenezea rafiki bomba. Halafu siku moja ng'ambo ile palikuwa patupu, na kesho yake, na keshokutwa. Watu walisema amehamia mji mwingine. Pindo hakufurahi. Aliogopa zaidi kwa muda, kwani mtu unayemwona unajua alipo.

Mama yake alikuja baada ya mwaka, bila kutoa taarifa, na kikapu. Hakuomba radhi kwa maneno. Alikaa wiki mbili, na kila jioni aliangalia komeo mara mbili kabla ya kulala, yeye mwenyewe, asimwachie binti yake kazi hiyo.

Mchungaji aliomba radhi, mbele ya darasa la wachumba lililofuata, na akabadilisha jinsi anavyofundisha. Sasa kila mchumba huitwa peke yake na kuulizwa lile swali la Mkunga, na aliyejibu ndiyo haulizwi kama ameguswa. Pindo huja mara moja kila darasa kueleza yake. Tangu asubuhi ya siku hiyo hashiki chakula. Huongea dakika kumi, huku ameshika kitambaa, kisha huketi. Mwaka jana kuna aliyejibu ndiyo. Alikuwa mwanaume, mrefu, dereva wa lori, na aliinama akalia kama mtoto.

Kuna seremala ambaye ameanza kuzungumza na Pindo. Mwanzoni kabisa Pindo alimwambia hataki kupigiwa simu akiwa kazini. Seremala akasema, "Sawa." Pindo alisubiri hasira ije, au ule upole mbaya unaokuja badala ya hasira. Alisubiri wiki tatu, akitazama jina kila simu ilipolia kazini. Haikuwa yeye. Mwezi uliopita seremala alimuuliza kama angependa watambulishane kwa wazazi. Pindo alisema bado hajui, na kwamba anaogopa, na hajui ataacha lini kuogopa.

"Sawa," seremala alisema, na wakaendelea kuzungumza juu ya mbao. Pindo bado hajamjibu, naye seremala hajauliza mara ya pili.